Glavu Nyekundu Kando ya Barabara Kuu

Glavu ilikuwa ya mtoto wa miaka minne au mitano, nyekundu, ya sufu, ya aina ile isiyo na vidole ila dole gumba peke yake. Orlin Tveit aliiona asubuhi moja ya Machi, imelala juu ya theluji iliyoganda kando ya barabara ya zamani. Alisimamisha gari, akaiokota, akaikung'uta, akaivika kwenye kichwa cha nguzo ya ua wa shamba lake mwenyewe, dole gumba juu. Kisha akaendelea na safari yake ya kwenda kununua misumari.

Kila mtu katika sehemu zile za Dakota Kaskazini angefanya hivyo hivyo. Glavu iliyopotea huvikwa nguzo iliyo karibu ili mwenyewe akirudi aione. Hakuna anayeichukua, hata ikae mpaka ng'ombe wapelekwe malishoni.

Hiyo ilikaa siku tisa. Siku ya kumi gari la buluu liliingia kwenye uwanja wa mkahawa wa mke wa Orlin, gari la kwanza tangu asubuhi, na saa ilikuwa inaelekea nane mchana. Mwanamke alishuka akiwa amemshika binti mdogo mkono. Mtoto alikuwa amevaa glavu mbili nyekundu akizitazama kana kwamba zitaruka.

"Naomba kahawa, na huyu umpe chochote kitamu," mwanamke alisema. "Hutaniamini, mama. Wiki iliyopita tulibadilisha tairi hapo kwenye barabara yenu, tukaacha glavu. Leo tunapita kule kwenye barabara kuu mpya, mwendo wa maili sabini kwa saa, huyu akapiga kelele, 'Glavu yangu!' Nikadhani anaota. Kumbe kuna kinukta chekundu kule, juu ya nguzo. Imenibidi niende mpaka darajani, penye njia ya kutokea, ndipo nikageuza."

Ardis Tveit, mwenye mkahawa, aliweka mbele yao vipande viwili vya pai ya zabibu kavu na krimu chachu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkono mmoja daima kiunoni, na hakuwa na tabia ya kuuliza wateja habari zao. Lakini siku hiyo alivuta kiti akaketi, maana hapakuwa na mwingine wa kumhudumia.

Gari lilipoondoka, mumewe, aliyekuwa amesikia yote, alikuwa bado amesimama dirishani. Orlin alikuwa fundi wa maghala ya nafaka, yale ya mviringo ya mabati, na alikuwa na mazoea ya kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kukisemea.

"Ardis. Nguzo ile iko mbali gani na barabara kuu?"

"Mbali."

"Na glavu ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Ardis alimwonyesha kwa vidole viwili.

"Na bado gari lilitoka kule likaja huku."

"Orlin, hicho ulicho nacho kichwani, nakuomba kiishie humo humo."

Hakikuishia.

*

Barabara kuu mpya ilikuwa imefunguliwa Septemba iliyopita, maili moja kusini mwa mkahawa. Kabla ya hapo malori yalijipanga uwanjani mpaka yakazibiana njia. Baada ya hapo magari yalipita kule mbali, nyuma ya shamba, mchana kutwa, bila sauti, moja baada ya jingine, kama kitu unachokiona ukiwa umelala huku macho yako wazi. Ardis alikuwa akiosha sahani safi na kuyatazama. Wakati mwingine jua la jioni lilipiga vioo vyake, na mstari mzima ulimetameta pembeni mwa dunia, na hakuna hata dereva mmoja aliyejua kwamba kuna mwanamke hapa ana pai nne mezani.

Kuweka bango hakukuruhusiwa. Sheria mpya ilikataza mabango karibu na barabara kuu, na mkahawa wenyewe ulifichwa na safu ya miti iliyopandwa kukinga upepo. Chini ya daraja, upande wa kusini, Delmer Krause alikuwa amejenga kituo cha petroli chenye taa na paa jeupe. Yeye hakuhitaji bango. Alionekana.

Kila Jumapili baada ya kanisa simu ililia. Alikuwa Marlys, binti yao, anayeishi Minneapolis na mumewe.

"Mama, jana umeuza pai ngapi?"

"Mbili."

"Nzima?"

"Vipande viwili. Usinichoshe, Marlys."

"Na kimoja alikula Baba."

"Baba yako alilipa."

"Mama, sikiliza. Nyumba ya chini hapa kwetu itakuwa wazi. Vyumba viwili, jiko zuri. Mtaishi chini, sisi juu. Una miaka sitini na mbili. Unamngoja nani huko?"

 Kupitia dirisha la jikoni Ardis alimwona mumewe akitembea shambani, polepole, akizunguka ghala la mabati lililokunjwa na kimbunga miaka miwili nyuma na kuachwa pale kama kofia iliyokanyagwa.

"Mpaka Jumapili ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba," alisema hatimaye. "Ukija siku hiyo ukakuta mkahawa mtupu, nitafunga mwenyewe, na ufunguo nitakupa wewe. Sitalia wala sitakulaumu."

"Unaahidi?"

"Nimewahi kukuambia kitu nikakigeuza?"

Hakuwahi. Ndiyo maana Marlys alikata simu akiwa na furaha, na Ardis akabaki ameshika mkono wa simu kifuani.

*

Orlin aliichora glavu kwa chaki kwenye sakafu ya banda. Futi ishirini na nane kutoka mwanzo wa kifundo mpaka ncha. Alipomaliza alimwita mkewe.

Ardis aliitazama, mkono kiunoni.

"Hiyo ni soksi."

"Ni glavu."

"Mimi nimefuma glavu tangu nikiwa na miaka saba, Orlin. Hiyo ni soksi yenye uvimbe. Lete karatasi."

Alichora kwenye karatasi ya kufungia nyama. Kifundo chembamba, kisha kiganja kinapanuka, dole gumba linaanzia hapa, si pale. Wakati anachora alijiambia anamrekebisha tu mtu asije akachekwa. Lakini alipofika kwenye kifundo alisimama.

"Mabati yako yana migongo," alisema.

"Ndiyo."

"Kifundo cha glavu kina mistari ya kusimama, ndiyo inayokibana. Ukiyasimamisha mabati yako hivi, migongo iende juu, yatakuwa kama ufumaji. Na kiganjani uyalaze."

Orlin aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu sana. "Tazama wewe," alisema kwa sauti ya chini, na Ardis aliondoka haraka kurudi jikoni kwa sababu alikuwa ameanza kutabasamu.

Aprili yote na Mei yote Orlin alikata, akakunja, akachomelea. Mabati ya ghala lililokufa yaliinuka tena yakiwa na umbo jingine. Rangi ilikuwa ile ile nyekundu inayopakwa mabanda ya ng'ombe, ikapakwa mara tatu. Juni ilipoingia, ukifungua mlango wa banda asubuhi, jua lilipita juu ya kitu hicho kilicholala chali, na ulikuwa tayari kuapa kwamba kinapumua.

Mtu wa serikali alikuja Julai, amevaa tai, utepe wa kupimia mkononi. Alikuwa kijana mpole aliyeonekana kuona haya kwa kazi yake.

"Bwana Tveit, nimeambiwa unajenga bango."

"Hapana."

Yule kijana aliizunguka glavu mara mbili. "Itakuwa na herufi?"

"Hata moja."

"Namba? Mshale? Bei ya kitu chochote?"

"Hakuna."

"Taa?"

"Ya nini?"

Kijana alifunua kitabu chake cha sheria, akasoma, akafunga. "Basi ni nini?"

"Ni glavu," Orlin alisema.

"Ya nani?"

 Ardis, aliyekuwa mlangoni na sahani ya pai mkononi, ndiye aliyejibu. "Mwenyewe hajaja bado. Keti ule."

Kijana alikula vipande viwili, akaandika kwenye karatasi yake kwamba amekuta kifaa cha shamba, akaenda zake.

*

Sasa ilibaki kuisimamisha. Wajenzi wa barabara walikuwa na kreni moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa iondoke Jumatatu kwenda Montana. Msimamizi wao alikubali kuinua glavu Jumamosi asubuhi kwa malipo ya pai tatu za rubabi, ule mmea mchachu wenye mashina mekundu, na moja ya tufaha. Orlin alikuwa ameshachimba na kumwaga zege. Kilichokuwa hakijaamuliwa ni glavu itatazama wapi.

"Uso mmoja mashariki, mmoja magharibi," Orlin alisema. "Ili waione wanaokuja na wanaokwenda. Lakini dole gumba sijui niliweke upande gani."

Kreni ilikuwa inanguruma. Msimamizi alitazama saa.

Ardis hakufikiri hata kidogo. Katika nchi ile hakuna anayefikiri juu ya jambo hilo. Upepo hutoka kaskazini-magharibi, na kila kitu hujengwa kwa kuupa mgongo: mlango wa nyumba, zizi la ndama, kibanda cha kuku, hata kamba ya kuanikia nguo. Ukimwamsha mtoto usingizini ukamuuliza, atakuonyesha.

"Kusini," alisema. "Unataka upepo ulivunje? Liweke kusini lijifiche."

"Kusini," Orlin alimpigia kelele mwenye kreni.

Glavu ilipanda angani polepole, ikizunguka kidogo kwenye mnyororo, nyekundu juu ya mashamba ya ngano yaliyokuwa yameiva.  Msimamizi alivua kofia. Kisha ikashuka juu ya miguu yake ya chuma, boliti zikakazwa, zege la pili likamwagwa, na kreni ikaenda Montana.

*

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu. Ulikuwa umelala chini juu ya shamba, ukafunika miguu ya chuma na ua na barabara, na juu yake glavu ilikuwa imesimama peke yake, bila kushikwa na kitu. Orlin na Ardis walitoka na vikombe vyao vya kahawa wakasimama mwisho wa safu ya miti.  Kule barabarani gari la kwanza lilitokea kwenye weupe, likapunguza mwendo. Waliona taa zake za nyuma zikiwaka nyekundu. Lilifika darajani, likatoka kwenye barabara kuu.

Ardis alimshika mumewe mkono wa koti.

Gari lilipanda kilima cha njia ya kutokea, likasimama kwenye njia panda. Likangoja kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha likageuka kusini.

La pili likageuka kusini.

La tatu lilikuwa na mizigo juu ya paa. Kusini.

Orlin aliitazama glavu. Aliitazama kama alivyotazama vitu vyote, kuanzia chini kwenda juu. Dole gumba, kubwa kama ndama wa mwaka mmoja, jekundu, zuri, bila kosa hata moja la ufundi, lilikuwa linaelekeza moja kwa moja kwenye paa jeupe la Delmer Krause.

"Ee Mungu wangu," Ardis alisema.

*

Jumapili, baada ya ibada, watu walishuka kwenye chumba cha chini ya kanisa kunywa kahawa kama kawaida. Delmer Krause alikuwa ameshika kikombe na kipande cha keki, amezungukwa na wanaume sita. Alikuwa mnene mwenye sauti ya kuuza.

"Huyo hapo!" Delmer alisema, Orlin alipoingia. "Njoo, jirani, nikushike mkono. Mkono wenye dole gumba!"

Wanaume walicheka.

"Mimi nimelipa gazeti tangazo mwaka mzima, sikupata kitu. Orlin ananijengea bure, tena lililopakwa rangi! Wiki hii nimeagiza petroli mara mbili. Nikutumie shada la maua, au unapendelea sigara?"

"Usijisumbue," Orlin alisema.

"Lakini niambie, fundi. Miaka arobaini unajenga maghala. Hukujua kaskazini kuko wapi?"

Ardis alikuwa kwenye meza ya kahawa na wanawake wengine. Birika lilikuwa mkononi mwake na alikuwa ameacha kumimina. Angeweza kusema wakati ule. Watu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wanajua kwamba Ardis Tveit husema.

"Nilikosea," Orlin alisema. "Nilifikiria upepo tu. Ni kosa langu."

"Upepo!" Delmer alisema, na wakacheka tena, lakini safari hii kidogo, maana kila mmoja wao alijua kwamba naye angefanya hivyo hivyo.

Njiani kurudi nyumbani Ardis alitazama mbele.

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Nilisema nini?"

"Unajua."

Orlin alibadilisha gia. "Wewe ndiwe unayekaa mbele ya watu," alisema. "Mimi nikiwa na aibu naingia bandani."

Ardis hakumshukuru. Ila usiku ule alimpikia mumewe viazi kwa maziwa, chakula cha wagonjwa katika nyumba ile.

*

Kuigeuza hakukuwezekana. Miguu ilikuwa imezama kwenye zege futi saba, na kreni ya karibu iliyobaki ilikuwa umbali wa maili mia na hamsini, na bei yake haikuwa pai. Orlin alizungumzia kukata dole gumba.

"Ukilikata itakuwa soksi tena," Ardis alisema. "Iache."

Theluji ya kwanza ilianguka katikati ya Oktoba. Siku iliyofuata, kwenye nguzo ya ua chini ya glavu kubwa, kulikuwa na glavu ndogo ya kijivu. Dereva wa basi la shule ndiye aliyeivika. Aliona ndipo mahali pake. Baada ya siku mbili kulikuwa na tatu. Moja ilikuwa ya mtoto mchanga, ndogo kama yai. Nyingine ilikuwa ya ngozi ya mtu mzima, na ndani yake mlikuwa na kikaratasi: *Nimeiokota kwenye pampu ya petroli, Miles City. Nimeona yenu nikadhani mnajua la kufanya.*

"Miles City," Ardis alisema. "Hiyo ni Montana."

"Naona," Orlin alisema.

"Mtu ameendesha gari maili zote hizo na glavu ya mtu asiyemjua?"

"Naona hivyo."

Lakini huyo mtu, popote alipopita, hakuingia mkahawani. Pai zilikaa mezani. Ardis alizifunika kwa taulo jioni na kuzifunua asubuhi.

Mwanzoni mwa Novemba Delmer Krause mwenyewe alikuja. Aliketi kaunta na kofia yake kichwani.

"Bi Ardis, jambo hili lazima likome."

"Jambo gani?"

"Watu wako."

"Mimi sina watu, Delmer. Hesabu viti."

"Wanakuja kwangu kuuliza glavu. Asubuhi mpaka jioni. Petroli wamejaza kule nyuma, hawanunui hata peremende. Wanaingia chooni, wanauliza, 'Glavu ni ya nini? Mtu anafikaje pale? Kuna mtu anaokota zilizopotea? Mtoto wangu amepoteza ya kijani.' Mimi nauza petroli! Sina glavu ya kijani!"

"Na wewe unawajibu nini?"

Delmer alichezea kijiko. "Nawaambia sijui."

"Unajua."

"Mimi si kibao chako cha njiani, Bi Ardis."

"Nami si mlinzi wa choo chako. Utakunywa kahawa au utapasha kiti joto tu?"

Alikunywa kahawa. Alikula pai pia, akaimaliza, akakusanya makombo kwa ncha ya uma. 

*

Jumapili ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Ardis aliamka mapema akachota unga wote uliobaki ndani ya pipa. Hakukuwa na maana ya kuhamisha unga Minneapolis. Alikanda, akasukuma, akajaza: maboga, tufaha, zabibu kavu na krimu chachu. Alipomaliza zilikuwa pai kumi na tisa, zimepangwa kaunta nzima na juu ya viti vitatu. Kesho angewapelekea watu wa kanisani, kila nyumba moja, iwe ndiyo kwaheri. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni. Kila alipoinama uligonga paja.

Orlin alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa suti ya kanisani, mikono juu ya magoti. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka bila upepo, jambo la nadra huko, na glavu ilisimama ndani yake, wakati mwingine ipo, wakati mwingine haipo.

"Marlys amechelewa," alisema.

"Barabara inateleza."

Marlys hakuwa amechelewa kwa sababu ya kuteleza. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, gari limejaa masanduku matupu ya katoni kwa ajili ya vyombo vya mama yake. Njia ile aliijua kwa barabara ya zamani. Barabara kuu mpya hakuwahi kuipita. Kila kitu kilikuwa kimeonekana kigeni, kimegeuzwa, kama nyumba ya kwenu ukiiota. Kisha ndani ya theluji aliona mkono mwekundu wa jitu, na dole gumba likamwonyesha njia, akaifuata bila hata kujiuliza. Aliposhtuka alikuwa chini ya paa jeupe, mbele ya pampu.

Kulikuwa na magari matano pale, na watu wake wamesimama dukani wakikung'uta viatu. Delmer Krause alikuwa nyuma ya kaunta, uso umemwiva.

"Samahani," Marlys alianza, "naona nimepotea. Natafuta—"

"Glavu!" Delmer alisema. "Sijui! Sijui kitu!" Kisha akamtazama vizuri. "Wewe si binti wa Ardis?"

"Ndimi."

"Na wewe pia umekuja kwangu? Umezaliwa kule!"

Marlys aliona haya mpaka masikioni. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu yake alikuwa ameshika glavu ya kijani ya mtoto. Mzee mmoja alikuwa na mbili za rangi tofauti, amezibana kifuani. Wote walikuwa wanamtazama sasa.

Delmer alivua kofia, akaiweka juu ya kaunta, akajifuta paji la uso.

"Tangu asubuhi nimewadanganya watu kumi na mmoja," alisema. "Na leo ni Jumapili. Wachukue. Pita darajani, nenda kaskazini, nyuma ya miti. Hawa wote watakufuata." Aligeukia watu. "Mfuateni huyu mama. Kuna pai. Mimi nimechoka."

*

Ardis aliona kwanza gari la Marlys likitokeza kwenye kona ya miti. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akashika ufunguo. Kisha akaona gari jingine nyuma yake. Na jingine. Yalikuja polepole, taa zimewashwa, yameachana kwa heshima, kama msafara wa mazishi, na kwa kitambo kidogo alidhani ndivyo ilivyo, na akajiuliza ni nani aliyekufa.

Sita. La sita lilipozima injini mlango wa mkahawa ulikuwa tayari umefunguliwa, na watu wanaingia na baridi yao, na watoto wanauliza kama jitu linaishi humo ndani.

"Mama," Marlys alisema. Alikuwa na theluji kwenye nywele. "Dole gumba limenipeleka kwa Delmer. Mimi! Baba alifikiria nini?"

Mkahawa ulikuwa na watu kumi na saba na wote walisikia. Orlin alifungua kinywa.

"Si baba yako," Ardis alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema kusini. Yeye ameibeba aibu hiyo tangu Julai, nami nikamwacha aibebe."

Orlin alitazama viatu vyake vya kanisani.

"Basi," Ardis alisema. "Nani anataka kahawa?"

Walitaka wote. Walikula, wakasimama wakila, viti vikawa haba. Mwanamke wa glavu ya kijani aliuliza kama anaweza kununua pai nzima kwa ajili ya sikukuu. Mzee akasema naye anataka mbili. Ardis alisimama na pai ya maboga mikononi, akatazama huku na huku. Hakuwahi kuwa na kitu cha kufungia pai nzima. Wenye malori walikula hapo hapo.

"Marlys, una kitu chochote ndani ya gari?"

Marlys alisimama. Alimtazama mama yake, kisha akatoka nje bila koti. Alirudi na masanduku ya katoni hadi kidevuni.

Pai zilitoka moja moja ndani ya masanduku yale, kwenye theluji, zikawekwa kwenye mapaja na kwenye viti vya nyuma. Watoto walikimbilia kwenye ua wa shamba kuvika glavu zao nguzoni, na mmoja akarudi akilia kwa furaha, ameikuta ya dada yake. Orlin alikuwa ametoka kuwaonyesha njia, amesahau kofia. Aliporudi alimwinamia mkewe sikioni.

"Majira ya kuchipua nitatafuta kreni. Niigeuze."

"Iache hivyo hivyo."

"Lakini Delmer—"

"Delmer ana kazi sasa, ya kuonyesha watu njia. Iache."

Marlys aliingia kutoka garini mikono mitupu. Kaunta ilikuwa imebaki na pai tatu na watu wanne.

"Mama, masanduku yamekwisha."

Ardis alifungua aproni yake, akaivua, na ufunguo ukaanguka sakafuni ukaruka-ruka mpaka chini ya meza. Hakuna aliyeinama kuuokota.

"Basi vaa hii," alisema, akamtupia. "Mimi nakwenda kutafuta unga."